Gauni la Wifi

"Wifi yangu, hili gauni ulilonishonea nimelivaa wee, mpaka majirani wamelikariri! Sasa linanibana, nipanulie kidogo kiunoni."

Fundi cherehani alilikunjua mezani. Shingoni palikuwa na uzi mweupe, mishono mirefu iliyoshikiza mbele na nyuma pamoja. Aliipiga mwenyewe mwaka jana ili kola isikunjike, akasahau kuifumua.

Hapo hakipiti kichwa, hata cha mtoto mchanga.

Alimtazama wifi yake, na lile tabasamu lake la miaka kumi na mitano ya uwifi wao. Hakuwa na nguvu za kugombana. Akachukua utepe wa kupimia.

"Hata kwenye ile harusi ya jirani nilikuona nalo," akasema. "Ulipendeza."

"Nilipendeza, eeh?" akajibu wifi, akainua mikono apimwe.