Daktari Aliyefunika Kalamu

Dada yangu alimwaga mfuko wa dawa juu ya meza ya daktari mpya wa magonjwa ya akili.

"Hizi zilimnyima usingizi. Hizi zilimnenepesha bure. Huzuni iko palepale."

Kwa madaktari wote waliotangulia, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. "Umembeba mbali, dada. Sasa nataka kumsikia mwenyewe."

"Huyu hasemi, daktari."

"Nitamsubiri."

Akafunika kalamu yake, akaitia mfukoni. Hakutazama saa wala simu. Wagonjwa walikohoa huko nje kwenye benchi. Yeye alitulia kama mgeni aliyekuja kututembelea. Sijawahi kuona mtu akisubiri vizuri namna ile.

"Nimechoka kuambiwa nitapona," nikasema.

Sauti yangu ilikwaruza kama bawaba yenye kutu.

"Basi sitakuambia hivyo," alijibu. "Nitakuambia tunachojaribu. Kikishindikana, tutajaribu kingine, na mimi nipo hapahapa."

Dada alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akachukua mkoba wake.

"Nakusubiri nje," akaniambia.