Kompyuta ya Chaki

Darasani mwa Mwalimu Riziki kompyuta ilikuwa imechorwa ubaoni, na wanafunzi walijifunza kuchapa kwa kugusa herufi za chaki. Leo Fundi Shekue alikuja na televisheni yake ili waichomeke kwenye kompyuta mpya, ndogo kama kiberiti.

"Swichi yake iko wapi?" aliuliza fundi.

"Haina," alijibu Mwalimu. "Linux, programu inayoiendesha, imo kwenye hiyo memori kadi. Ipe umeme tu."

Fundi akachomeka waya. Herufi nyeupe zilimiminika kwenye kioo cha televisheni, kisha kioo kikawa giza. Fundi akainua kiganja aipige televisheni kofi, kama alivyozizindua televisheni za mji mzima kwa miaka thelathini.

"Usithubutu!" Mwalimu alimdaka mkono. "Mara ya kwanza huwa inajipanga. Iache."

"Mwalimu, hii imekufa."

"Nimesema iache!"

Wakangoja, mkono wa fundi ukiwa bado juu. Mara kioo kikawa buluu, mshale mdogo ukatokea katikati, na darasa zima likalipuka kwa vifijo.

Mwalimu akamwachia. Fundi akakitazama kiganja chake kilichokosa kazi, akaenda nacho ubaoni, akaanza kuifuta ile kompyuta ya chaki.