Mlenda wa Bi Mbeleje

Kijijini kwa Chiku, hakuna aliyempakata mtoto kabla ya kugusa kipimo cha mionzi kilichotundikwa mlangoni. Taa ya kijani ilimruhusu mtu, taa nyekundu ilimtenga. Kila asubuhi mama yake Chiku, Bi Mbeleje, aligusa, taa ikawaka nyekundu, akarudi chumba cha uani bila kumshika mjukuu wake mchanga.

Wataalamu waliwaagiza watu kula mwani uliokaushwa kutoka pwani ili kupunguza mionzi mwilini. Bi Mbeleje aliukataa, akisema unanuka. Alijipikia mlenda mzito, akashushia maji ya ubuyu.

"Mama, majani hayo yameota kwenye udongo uleule wenye mionzi," Chiku alimwambia.

"Yaliniponya surua nikiwa mdogo. Na hili la mionzi yatalisafisha."

Asubuhi moja taa ikawaka kijani. Bi Mbeleje alipiga kigelegele, akanawa mikono, akampokea mtoto. "Si nilikwambia, mwanangu?"

Chiku alicheka huku machozi yakimlengalenga. Kisha alitoka, akachota udongo wa kando ya shimo la taka, ambao siku zote uliwasha taa nyekundu, akausogeza kwenye kipimo. Taa ikawaka kijani.

Ndani, bibi alikuwa akimbembeleza mjukuu, na mtoto alikuwa ametulia kifuani pake. Chiku alikung'uta mikono. Alifungua mdomo, akaufunga.

"Njoo umwone anavyonishika kidole," mama yake akaita.

Chiku akaingia, akaketi kando yao.