Gitaa Lake

Nyuzi zilikuwa mpya.

Fundi seremala aliinama juu ya sanduku la gitaa, akazipitishia kidole moja baada ya nyingine. Zinang'aa, hazina hata doa la kutu. Mara ya mwisho alipolichungulia, mkewe akiwa sokoni vilevile, zilikuwa zimefifia. Ina maana kuna mtu amekwenda dukani, akachagua, akazileta, akazifunga. Na nyumba hii ina watu wawili tu.

"Maiti anabadilishiwa nyuzi!" alisema peke yake. "Mimi shati langu lina mwezi mzima linasubiri kifungo."

Wivu wa mke kwa mke mwenzie tumeuzoea. Lakini mwanamume mzima, mwenye karakana yake, kumwonea wivu marehemu? Ndiyo, jamani, na ulikuwa umemshika hasa. Alimwoa mjane akijua ni mjane, na hilo halikumsumbua. Kilichomsumbua ni hilo gitaa la umeme, jekundu, lililoingia nyumbani pamoja na bibi harusi kama mtoto wa kambo.

Siku ya kuhamia, mkewe alilitoa kabla hata ya kufungua masufuria. "Mume wangu, hebu kaa hapo nikuonyeshe kitu," alisema, uso umemchanua.

Fundi akamkatiza. "Lirudishe. Humu ndani sitaki kulisikia hilo dude, wala habari zake."

Mkewe alimtazama kidogo, akalirudisha. Hawakulizungumza tena.

Hawakulizungumza, ila macho hayana pazia. Kila Jumapili mkewe alilifuta kwa kitambaa laini, taratibu, na fundi akijifanya anasoma gazeti. Siku moja alirudi mapema akalikuta kitandani, tena upande anaolala yeye! Halafu shemeji yake, dada wa mkewe, akaja kuwatembelea, akaliona juu ya kabati, akamwaga mafuta kwenye moto: "Kumbe gitaa lake bado lipo! Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa halali bila kulisikia."

Tangu siku hiyo asiyelala akawa fundi.

Sasa nyuzi mpya zikawa zimevuka mpaka. Mkewe aliporudi sokoni, hata kikapu hajakitua, fundi akamkabili mlangoni.

"Nyumba moja haina waume wawili. Ama mimi, ama gitaa."

"Linakuudhi kiasi hicho?"

"Linanitesa! Nikiliona, chakula hakipiti."

Mkewe alitua kikapu. "Hata siku moja hukutaka kulisikia," alisema kwa sauti ya chini. "Nikasema labda utazoea." Akavuta pumzi. "Haya. Yupo mtu ninayemjua, najua atalitunza. Nitampigia simu. Mimi ndoa yangu naitaka, mume wangu."

Jioni alimenya viazi machozi yakimtoka, akasingizia vitunguu, na vitunguu bado vilikuwa kwenye kikapu. Fundi aliona. Roho ikamuuma, kisha wivu ukapanda tena: bado anamlilia! Wacha liende.

Mnunuzi alifika Jumamosi, jamaa mrefu mwenye kofia, kiongozi wa bendi. Fundi alikuwa bafuni akijisugua gundi mikononi. Aliposikia kicheko sebuleni alitoka mbio, maji yakimchuruzika hadi viwikoni. Akamkuta jamaa ameushika mkono wa kushoto wa mkewe, anavikagua vidole.

"Bado vina sugu," jamaa alikuwa akisema.

Mkewe aliuvuta mkono. "Tunafahamiana tangu zamani," alieleza upesi, akaingia jikoni na kufunga mlango.

Sugu za kufua nguo zangu na kusugua masufuria yangu, fundi aliwaza, yeye zinamhusu nini? Hapana shaka ni rafiki wa marehemu. Vema, aondoke na hilo gitaa, nisiwaone wote wawili.

Jamaa alilipakata gitaa, akapiga kidogo, akaacha kama mtu aliyeona aibu. "Sikutegemea kama hili litauzwa, fundi. Mwenyewe ndiye aliyenifundisha hata kushika."

"Alikuwa anajua sana, eti?" fundi aliuliza kama anayemeza shubiri.

"Mimi na bendi yangu yote hatujamfikia."

Fundi hakutaka kusikia zaidi. Alitaja bei ya kutupa, jamaa akalipa bila kubishana, na fundi mwenyewe akalibeba sanduku hadi kwenye gari, akalilaza kiti cha nyuma, akaufunga mlango kwa kishindo. Alijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, mke alikuwa wake peke yake. Alipanga akirudi ndani amwambie leo asipike, watoke wakale mahali pazuri.

Jamaa aliwasha gari, akateremsha kioo. "Mwambie mwenyewe, siku yoyote akilikumbuka aje alipige. Asione haya."

Fundi aliangua kicheko, kicheko cha mshindi. "Mwenyewe? Mwenyewe yuko kaburini mwaka wa nne huu, bwana!"

Jamaa akazima gari. Alimtazama fundi, akatazama dirisha la jikoni, akamrudia fundi.

"Mpigaji ni mkeo," alisema. "Marehemu alikuwa anatubebea spika."