Taa ya Mia Tatu na Sita

Ndani ya mashine ile inayozungumza mlikuwa na taa nyingi kuliko punje za mtama, na anayebisha akazihesabu. Kazi ya Bi Raziki ilikuwa kusoma sentensi zinazowasha kila taa, kisha kuipa taa hiyo jina. Hii ya mia tatu na sita iliwashwa na maneno ya kawaida tu: "Niwekee ukoko, nakuja." "Tutaonana Jumapili."

"Ni ahadi hizo, dada," alisema Shekue, mwenzake wa meza ya pili. "Andika 'ahadi' tukale."

Lakini ahadi nyingine mia hazikuiwasha. Bi Raziki akatafuta habari za watu walioandika zile zilizoiwasha. Wote walikufa siku ileile waliyoziandika.

Akaichapia mashine ujumbe aliotumiwa na mumewe asubuhi: "Leo nitawahi kurudi." Taa haikuwaka. Akashusha pumzi, akacheka peke yake, akachapa na jibu lake mwenyewe alilompa: "Haya, nitakupikia ndizi."

Taa ikawaka, nyekundu kama kaa la jikoni.

"Dada, wali unapoa," Shekue aliita kutoka mlangoni. "Unakuja au huji?"

Bi Raziki alifungua kinywa ajibu, kisha akakiziba kwa kiganja.