Mpira wa Chini

"Leo niingie mimi," mdogo mtu alisema. "Wewe usikilize."

Kaka mtu akamtazama. Miaka kumi na tisa walikuwa wakifunga pamoja milango ya kuzuia sauti: studio za redio, kumbi za mikutano, hoteli ambazo wageni wake hawataki kusikia jirani akikoroma. Siku zote aliyeingia ndani kupiga kelele ili kuujaribu mlango alikuwa yeye, kaka mtu, ambaye mafundi wenzake walimbandika jina la Kimya kwa utani tu, maana mdomo wake haukuwa na likizo. Lakini leo koo lilikuwa linamkwaruza. Akaona si neno.

Chumba kilikuwa cha mnasihi, mwisho wa korido ya zahanati. Mganga mkuu alishawaonya. Watu wanaingia humo kutoa ya moyoni, na likivuja neno moja tu likafika kwenye mabenchi ya nje, hakuna atakayerudi.

Jaribio lao lilikuwa na sharti. Wa ndani lazima aseme kwa sauti jambo asilothubutu kumwambia mwenzake usoni. Kimya ndiye aliyeanzisha utaratibu huo. Alidai kwamba mtu wa kuhesabu moja, mbili, tatu hajali kama anasikika, ila mwenye siri ataukagua mlango vizuri kabla ya kufungua kinywa. Humo ndani alishamsema mdogo wake mpaka basi, kwamba anakunywa chai kwa mlio, kwamba anaushika msumeno kama mwiko. Wakishafungua walicheka wote wawili, mmoja akijua anachochekea, mwingine asijue.

"Sogea karibu, kaka," mdogo mtu alisema akiwa ameshika kitasa. Asubuhi hiyo aliomba amalizie peke yake ukingo wa chini wa mlango, penye mfereji wa mpira wa kuziba sauti, na Kimya akamwachia. "Sikio libandike kabisa."

Mlango ukajifunga kwa mguno wake mzito.

Kimya akainama, sikio kwenye ubao. Kisha sauti ikaja, nyembamba, kutoka usawa wa miguu yake.

"Kaka, michoro niliipeleka mimi kule karakana ya ng'ambo. Binti yako hakuhusika."

Akadhani masikio yanamchezea. Sauti ikarudia, polepole, kama mtu anayemsomesha mtoto. Michoro niliipeleka mimi. Ikarudia tena, mara ya tatu.

Miaka miwili iliyopita, mlango alioubuni Kimya mwenyewe, kila tabaka lake, ulionekana ukitengenezwa kwa majirani hao wa ng'ambo. Ufunguo wa kabati la michoro alikuwa nao binti yake, fundi kama yeye, mkono mwepesi kuliko wote pale. Kimya alimvua aproni mbele ya wafanyakazi. Binti hakulia. Aliikunja ile aproni, akaiweka juu ya meza, akaondoka, na mpaka leo hajakanyaga nyumbani. Alipojifungua, babu mtu alipata habari kwa muuza misumari.

Na siku ile nani alisimama pembeni akitikisa kichwa? Nani alisema, "Kaka, hata mimi inaniuma, lakini ufunguo alikuwa nao yeye"? Mdogo wake huyohuyo, baba mdogo wa binti. Kisha akala na Kimya sahani moja miaka miwili mizima, akinawa naye mikono, akimuuliza habari za usingizi.

Kimya hakuwahi kuumia hivyo. Hata alipomzika mkewe hakuumia hivyo, maana kifo hakikumchekea usoni.

Akaamua papo hapo: hatasema kitu. Ukimkurupusha mwongo, atapata pa kukimbilia. Jioni atabadilisha makufuli ya karakana, kisha ataenda kubisha kwa binti yake na kupiga magoti kizingitini, hata kama hatafunguliwa. Huyu wa humu ndani atajua kesho.

Mlango ukafunguka. Mdogo mtu alikuwa amelowa jasho, mkono mmoja mfukoni.

"Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu."

"Hata kidogo?"

"Nikudanganye ili iweje? Mlango mzima huo. Kamwite mganga."

Mabega ya mdogo mtu yakashuka. Kimya akayaona, na nyongo ikampanda. Tazama anavyoshusha pumzi, akajisemea, anadhani amepona.

"Kaka, una hakika?"

"Nimeshasema sijasikia."

Mdogo mtu hakwenda kumwita mganga. Alibaki palepale. Kimya akapiga goti, akijifanya anafuta vumbi, maana hata kwa hasira zile asingeweza kuwaachia wagonjwa mlango unaovuja. Akapitisha kidole ukingo wa chini. Mfereji ulikuwa mtupu. Mpira wote haukuwepo, kutoka kona hadi kona.

Karibu acheke. Mzembe yule, ameharakisha kazi akasahau mpira, na uzembe wake ndio uliomuumbua. Kimya akauvuta mkebe wa vifaa, akaanza kupekua taratibu, akitafuta kipande kingine cha kukipachika kimyakimya.

"Unatafuta nini, kaka?"

"Bisibisi."

Mdogo mtu akachuchumaa mbele yake. Akatoa mkono mfukoni, akaufungua. Juu ya kiganja palikuwa na mpira mweusi, mzima, umekunjwa vizuri mara nne.

"Niliutoa mwenyewe tangu asubuhi," alisema. "Sasa niambie, kaka. Umesikia nini?"