Mahudhurio ya Pomboo

Kila Jumatatu Mwalimu Raya, mtafiti wa pomboo, aliwaita pomboo kwa majina kama anavyowaita wanafunzi. Kila mtoto alikuwa na pomboo wake, anayemtambua kwa pezi la mgongoni. Aliyemwona wake wiki ile hujibu, "Yupo," kisha huonyesha mahali kwenye ramani ya kisiwa waliyoichora wenyewe.

Zuwena alikaa ameibana mikono magotini. Wake aliitwa Kidoti, mwenye pezi lenye mapengo mawili kama meno ya mtoto. Alfajiri ile, alipompelekea baba yake chai, aliliona pezi hilo ndani ya ndoo ya chambo cha kuvulia papa. Baba aliifunika ndoo kwa gunia.

"Hujaona kitu, mwanangu."

Sasa zamu yake ikafika.

"Kidoti!"

"Yupo, mwalimu."

"Alhamdulillahi! Wiki tatu namtafuta. Njoo utuonyeshe."

Zuwena akaenda mbele, akaweka kidole katikati ya maji. Kikateleza polepole, kikauvuka mwamba, kikapanda ufukweni, kikasimama juu ya nyumba ya nne kutoka msikitini: kwao.